Mikisa na laptopu: kurekodi kikundi cha taarabu nyumbani kwake Mombasa

Ukiwa na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ndogo yenye USB na laptopu ya kawaida, unaweza kurekodi kikundi cha watu saba au wanane popote wanapofanyia mazoezi, iwe sebule ya Kibokoni, baraza ya Majengo au nyumba iliyo ng'ambo, Likoni. Wengi hawakwami kwa kukosa vyombo. Hukwama kwa sababu mikisa na programu ya kurekodi zinaweza kufanya kazi zilezile. Zote hupandisha na kushusha sauti, zote zina besi na trebo, zote zina mwangwi, na zote zinaweza kukusikilizisha. Usipogawa kazi mapema, jambo moja litafanyika mara mbili, na rekodi itaharibika pasipo wewe kujua imeharibikia wapi.

Mimi nagawa hivi, na hatua zote zilizo hapa chini zinafuata mgawo huu. Mikisa ishughulike na mambo ya papo hapo: kupokea sauti ya maiki, kuipa nguvu inayotosha, na kuwasikilizisha wapigaji. Laptopu ipokee kila chombo peke yake, kikiwa kibichi. Kuchanganya kwenyewe kungoje siku nyingine, penye utulivu.

Mfano wangu ni kikundi chenye mwimbaji, waitikiaji wawili wanaotumia maiki moja, udi, kanuni, fidla, gitaa la besi na dumbaki. Hizo ni chaneli saba. Ya nane ni maiki ya kunasa chumba.

Hatua ya 1: Jua USB ya mikisa yako inapitisha nini

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mikisa nyingi ndogo zina USB, lakini kinachopita humo ni chaneli mbili tu, kushoto na kulia, yaani mchanganyiko uliokwisha kufanywa. Yamaha MG10XU ni mojawapo. Ni mikisa safi, lakini kompyuta inapata chaneli mbili tu, na fidla ikimfunika mwimbaji siku hiyo, itamfunika daima. Nyingine hupitisha kila chaneli peke yake: Zoom LiveTrak L-12, Tascam Model 12, au Behringer XR18 ambayo hupeleka chaneli 18 kwenye kompyuta na kurudisha 18. Kabla hujalipa, tafuta namba za USB kwenye maelezo ya mikisa yenyewe. Ukiona mbili kwa mbili, jua huo ni mchanganyiko tu, hata kama juu ya mikisa kuna matundu kumi na mawili.

Kwa mtu anayebeba vyombo kwenye tuktuk na kupanda navyo feri, kuna maswali mawili yenye uzito kuliko wingi wa vitufe: je, mikisa inaweza kurekodi yenyewe kwenye memori kadi, na je, inafanya kazi bila umeme wa ukutani? Zoom LiveTrak L-8 inayaweza yote mawili. Inatumia hata betri nne za AA, ingawa nafasi zake za maiki ni sita.

Kama mikisa uliyonayo ni ya chaneli mbili, usiitupe. Geuza kitufe cha PAN (cha kupeleka sauti kushoto au kulia) cha mwimbaji kushoto kabisa na vyombo vyote vingine kulia kabisa. Utapata treki mbili tofauti, ya sauti na ya muziki, na hilo peke yake hukupa uwezo mkubwa baadaye. Njia ya pili ni ya mikisa za analogi zenye tundu la INSERT kwenye kila chaneli. Kwa kawaida sauti hutoka pale kabla ya kufika kwenye feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), kwa hiyo unaweza kuitoa na kuipeleka kwenye kadi ya sauti ya nje yenye matundu manane. Wako wanaochomeka jeki nusu ili sauti itoke bila kukata njia yake, lakini jeki iliyochomekwa nusu huchomoka mtu akipita. Mpe fundi akutengenezee kebo ya jeki ya stereo ambayo ncha yake na pete yake zimeunganishwa pamoja. Hiyo unaichomeka mpaka mwisho, na sauti inatoka huku ikiendelea na safari yake ndani ya mikisa.

Hatua ya 2: Hakikisha sauti inatolewa kabla ya feda

Fanya jaribio hili nyumbani, wala usilingoje mbele ya kikundi. Chomeka maiki moja, fungua programu, weka treki tayari kurekodi, kisha mtu aongee mfululizo. Shusha feda ya chaneli hiyo mpaka chini. Mshale wa kipimo cha sauti kwenye programu ukiendelea kucheza vilevile, sauti inatoka kabla ya feda, na hicho ndicho unachotaka. Ukizama pamoja na feda, kila utakachofanya siku hiyo kumsaidia mpigaji asikie vizuri kitaingia kwenye rekodi.

Sasa zungusha besi na trebo na usikilize treki hiyo. Kuna mikisa ambazo USB yake hutoka kabla ya feda lakini baada ya besi na trebo. Hiyo si kasoro, ila ukishaijua, viache vitufe hivyo katikati siku ya kurekodi. Mikisa za dijitali nyingi hukuachia uchague sauti itolewe wapi. Chagua mahali pa mbele kabisa, mara tu baada ya geni (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia).

Kuna kitu kimoja tu ninachokubali kifanyike kwenye mikisa na kibaki katika rekodi: kukata sauti za chini kabisa, kwa kitufe cha hezi 80 au 100, kwa mwimbaji, waitikiaji na fidla. Mtikisiko wa sakafu, pikipiki inayopita kichochoroni na pumzi inayogonga maiki havina faida kwa yeyote. Gitaa la besi na dumbaki usiviguse.

Hatua ya 3: Programu, draiva na kasi ya sampuli

Reaper ni nyepesi, inakubali kujaribiwa siku 60, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Ardour ni programu huria na inafanya kazi vizuri kwenye Linux. Audacity ni ya bure na wengi wanaijua, lakini kwenye Windows kwa miaka mingi imekuwa haiji na ASIO (njia ya kupitisha chaneli nyingi kati ya mikisa na programu), kwa hiyo mikisa ya chaneli nyingi mara nyingi huonekana humo kama ya chaneli mbili. Kwa kazi hii chagua mojawapo ya zile mbili za kwanza.

Kwenye Windows weka draiva ya ASIO iliyotolewa na mtengenezaji wa mikisa yako. Kwenye Mac, mikisa nyingi hukubalika bila kuweka kitu. Kisha panga sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwenye mikisa na kwenye programu, zote mbili. Zikitofautiana, sauti hukwaruza au wimbo hutoka kwa kasi isiyo yake.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Chaneli moja kwa mpangilio huo hula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika, na chaneli nane hula takriban gigabaiti 4 kwa saa. Kikao cha saa tatu kinataka gigabaiti 12 na ziada ya kutosha. Rekodi kwenye SSD. Diski ngumu za kuzunguka huchoka na mitikisiko ya safari.

Hatua ya 4: Kusikiliza kufanyike kwenye mikisa

Kama kuna hatua moja ya kuisoma mara mbili, ni hii. Sauti ikiingia kwenye kompyuta, inakusanywa kwanza kwenye bafa ndipo ishughulikiwe. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya 48,000, ni milisekunde 5.3. Ya 512 ni karibu 10.7. Hiyo ni kuingia tu, bado kutoka, na bado muda wa vigeuzi na USB. Mwimbaji akijisikia kupitia laptopu, anajisikia kwa kuchelewa, na mpiga dumbaki ataanza kuvuta mwendo nyuma bila kujijua.

Kwa hiyo hedifoni zote zitoke kwenye mikisa, ambako sauti hufika papo hapo, au kwa kuchelewa kusikosikika ikiwa mikisa ni ya dijitali. Kwenye programu, zima kabisa usikilizaji wa kila treki unayorekodi. Ukisahau moja, mtu atajisikia mara mbili, mara ya pili ikifuata nyuma kidogo, na sauti itakuwa kama inatoka ndani ya bomba.

Faida yake haisemwi vya kutosha. Kwa kuwa laptopu haina kazi ya kumsikilizisha mtu, huna haja ya bafa ndogo inayoichosha. Weka 512 au hata 1024 na uiache irekodi polepole kwa utulivu. Laptopu ya zamani inayokatakata kwa bafa ya 64 itarekodi chaneli nane usiku kucha bila taabu. Usikimbilie kununua kompyuta mpya kabla ya kujaribu hivi.

Wasikilizishe kwa kutumia njia za AUX (njia za kando za kutoa sauti kwenye mikisa), kila mtu na mchanganyiko wake mikisa ikiruhusu. Mwimbaji akitaka mwangwi masikioni, mpe ule wa mikisa. Hauingii kwenye treki yake, na humtia moyo wa kuimba. Spika za chumbani ziache zimezimwa.

Sauti inayorudi kutoka kwenye laptopu, kama unataka kuwasikilizisha walichorekodi, ipeleke kwenye hedifoni tu. Ukiipeleka kwenye mchanganyiko mkuu huku mchanganyiko huohuo unarudi kwenye laptopu, sauti itazunguka na kupiga yowe linaloumiza masikio.

Hatua ya 5: Chumba

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa. Zinazuia kelele nyingi za nje, lakini zinarudisha sauti ya ndani kwa ukali. Omba mikeka, mazulia na magodoro. Mawili matatu yakisimamishwa nyuma ya maiki ya mwimbaji na pembeni ya dumbaki, utasikia tofauti hapohapo. Usikikaushe chumba chote. Taarabu inapendeza ikiwa na hewa kidogo, na ndiyo maana tumeweka maiki ya nane.

Panga kikao baada ya isha. Mchana kuna adhana ya adhuhuri na ya alasiri kutoka misikiti iliyo karibu karibu, kuna watoto, kuna mikokoteni na honi za tuktuk. Usiku hivyo vyote hupungua, na watu wamekwisha kuswali na kula. Feni ya darini ni lazima izimwe wakati wa kurekodi, na miezi ya kaskazi hilo ni jambo zito kwa watu wanane ndani ya chumba kimoja. Rekodi wimbo mmoja, washa feni, watu wanywe maji, mtune ala upya, kisha mwendelee. Jasho na unyevu hulegeza tuni ya udi na kanuni, kwa hiyo mapumziko hayo si hasara. Wakati wa kusi, funga dirisha la upande wa baharini hata kama upepo unaonekana mdogo, maana maiki huusikia kabla yako.

Hatua ya 6: Maiki na geni

Maiki ya udi ielekee pale shingo inapokutana na tumbo la chombo, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye tundu utapata mngurumo. Kanuni ining'inizie maiki kwa juu, sentimita 40 hivi. Fidla pia kwa juu, mbali kidogo zaidi, la sivyo utasikia upinde kuliko wimbo. Dumbaki inatosha maiki ya dainamiki, Shure SM57 au inayofanana nayo, ikiwa pembeni ya ngozi. Gitaa la besi lipite kwenye kisanduku cha DI, kinacholiunganisha moja kwa moja na mikisa bila maiki.

Maiki za kondensa zinataka volti 48 kutoka kwenye mikisa. Washa volti hizo wakati geni ziko chini na hedifoni haziko masikioni. Kondensa ikianza kutoa michirizi kama mafuta ya kukaanga, mara nyingi ni unyevu wa pwani ulioingia. Isiwashwe mara tu inapotoka chumba chenye eesi. Iache nje ya kasha izoee joto la chumba kwanza.

Sasa geni, moja moja. Usimwambie mwimbaji "jaribu maiki", kwa sababu ataongea kwa upole na baadaye aimbe mara tatu ya hapo. Mwambie: "Ami, hebu tuimbie ule ubeti unaoupaza zaidi." Kwa sauti hiyo ndipo panga geni, vilele vifike desibeli -10 kwenye programu na wastani uelee karibu na -18. Kwa biti 24 huna haja ya kusukuma juu zaidi. Ukimya uliopo chini ni mwingi, na mpigaji akishapandwa na mdadi atatumia nafasi yote uliyomwachia. Sauti iliyopasuka kwenye mikisa hakuna programu ya kuirudisha vizuri.

Baada ya hapo usiguse geni tena mpaka wimbo uishe. Mtu akitaka kujisikia zaidi, tumia AUX yake.

Hatua ya 7: Umeme

Laptopu na mikisa zikiwa zimechomekwa sehemu mbili tofauti za nyumba, mara nyingi utasikia mvumo wa hezi 50 usioisha. Chomeka zote kwenye kebo moja ya upanuzi. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu na utumie betri yake: ukinyamaza, umejua mkosaji. Usikate wala kufunga pini ya ardhi ya plagi yoyote. Mwimbaji ameshika maiki ya chuma, amesimama pekupeku, na pini hiyo ndiyo inayomlinda.

Umeme ukipotea katikati ya wimbo, laptopu itaendelea na mikisa itazima, kwa hiyo rekodi itakatika au itabaki kimya. Ndiyo sababu ya pawabenki au UPS ndogo kwa mikisa. Kabla ya kuanza, zima Wi-Fi, masasisho, na ile tabia ya laptopu kulala yenyewe au kuzima matundu ya USB ili kuokoa betri. Iweke juu ya vipande viwili vya mbao hewa ipite chini, mbali na maiki, kwa sababu feni yake pia husikika.

Hatua ya 8: Rekodi ya pili

Laptopu isiwe peke yake. Mikisa yenye memori kadi irekodi humo kwa wakati mmoja na kompyuta. Isiyokuwa nayo, toa mchanganyiko wa stereo uende kwenye kinasa sauti kidogo cha mkononi.

Kabla ya kila wimbo, mtu apige kofi moja kubwa, na mwisho wa wimbo apige jingine. Kila mashine ina saa yake ya ndani, na hata tofauti ndogo ya sehemu 20 kwa milioni huleta mwachano wa milisekunde 72 kwa saa. Makofi mawili yatakuonyesha faili zimeachana kiasi gani. Rekodi kila wimbo faili yake, na sema jina la wimbo kwa mdomo mwanzoni.

Hatua ya 9: Kuchanganya

Nakili faili zote kwenye diski ya pili kabla hujafungua hata moja. Kisha anza na feda tu, bila kingine chochote, mpaka wimbo usimame wenyewe. Ukiona unataka kuongeza ekwalaiza (besi na trebo za programu) dakika ya tano, rudi kwenye feda.

Maiki zote zilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo kila moja imebeba majirani zake. Sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde 3. Maiki ya chumba iliyo mita 3 kutoka kwa dumbaki imepokea mdundo huo milisekunde 9 baadaye. Jaribu kuisogeza ianze mapema kwa kiasi hicho, kisha irudishe, na uchague kwa sikio: ikisogezwa, ngoma hukaza, ikiachwa, chumba huonekana kikubwa. Vilevile geuza polariti (pindua wimbi la sauti) ya kila treki moja moja huku nyingine zikicheza. Upande wenye besi iliyojaa zaidi ndio sahihi.

Kwenye udi, punguza kidogo eneo la hezi 150 hadi 200 ikiwa linavimba, na usiue mlio wa mpigo wa nyuzi kwenye hezi 2,000 hadi 4,000, kwani ndio unaobeba mwendo. Mwimbaji wa taarabu hupanda na kushuka kwa makusudi, akilivuta neno na kulirudisha. Kompresa (kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ikibana yote yakawa sawa, ushairi umepotea. Mimi hupandisha na kushusha feda yake mstari kwa mstari kwanza, halafu nabana desibeli mbili au tatu tu. Mwangwi uwe mmoja kwa wote, mfupi, ili wabaki chumba kimoja.

Hapa mikisa inaweza kurudi kazini. Kama USB yake inapokea chaneli nyingi, panga treki zako katika makundi manne, sauti za watu, nyuzi, besi na ngoma, na yatoe kila moja kwenye feda zake za mikisa. Mwite kiongozi wa kikundi, mketishe mbele ya feda nne, naye aonyeshe kwa mkono anavyotaka fidla ijibu na wapi waitikiaji waingie. Mzee ambaye hatakueleza kitu kwa kutazama kioo cha kompyuta atakuonyesha kila kitu kwa feda. Rekodi mchanganyiko huo kwenye treki mpya, na treki hiyo uizime isirudi kwenye mikisa. Kupeleka treki moja moja nje ili zipite kwenye trebo ya mikisa ndogo na kurudi sioni faida yake. Programu inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na bila kuchelewesha.

Hatua ya 10: Kukabidhi

Toa faili ya WAV ya biti 24 kwa kuhifadhi na MP3 ya kilobiti 320 kwa kusikiliza. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati. Wape kikundi pia treki mbichi kwenye diski yao wenyewe, kila faili ikiwa na jina la wimbo, la mwimbaji na tarehe, na muandikiane mapema nani ataruhusu zitumike wapi.

Vyombo navyo, usiku uleule: futa plagi na vichwa vya maiki kwa kitambaa kikavu, weka pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani ya kasha, na usifunge kasha kebo zikiwa na unyevu wa mikono. Chumvi ya bahari hula matundu ya jeki kimyakimya, na chaneli yenye kutu huanza kukatika katikati ya wimbo.